Tafadhali Mlete Mtu

Haya si ya zamani, wala hayakutokea wakati wanyama wakisema. Ni ya juzi, na iliyokuwa ikisema ni mashine.

Katika Jamhuri ya Shangilia, nchi ambayo usihangaike kuitafuta kwenye ramani maana ramani zake zote ziko kwa mpiga chapa zikisubiri picha mpya ya Rais, ilikuwapo kata iitwayo Nambunga. Watu wa Nambunga, wake kwa waume, walikuwa wabanguaji wa korosho. Kiwanda kilikuwa cha Mheshimiwa Diwani Kazumari, na bomba la majitaka la kiwanda lilimwaga mafuta ya maganda ya korosho moja kwa moja kwenye kijito ambako kata nzima ilichota maji ya kunywa. Aliyewahi kubangua anayajua mafuta hayo. Yakigusa ngozi huichuna, yakikaa juu yake huila. Diwani alikwisha kulitolea maelezo jambo hilo kwenye mkutano wa hadhara, akasema kwamba maji ya Nambunga yana virutubisho vya korosho ambavyo mataifa mengine huvitamani. Alipigiwa makofi, kwa sababu makofi yalikuwa yameandikwa kwenye ratiba.

Mwaka huo mbanguaji mmoja, Bi Somoe Nangoma, alimzika mjukuu wake wa pili kwa ugonjwa wa tumbo. Alipotoka makaburini hakwenda nyumbani. Alikwenda ofisi ya kata kuchukua fomu ya kugombea udiwani. Sera yake ilikuwa moja, tena fupi mno hata msimamizi akaiona ni dharau: kuziba bomba.

Kata nzima ilisema itampigia kura. Lililobaki lilikuwa kujiandikisha tu, na kwa bahati njema mwaka huo uandikishaji ulikuwa wa kisasa.

*

Mwalimu Ausi Likomba alifundisha darasa la tatu, na aliteuliwa kuwa karani wa uandikishaji kwa sababu ya mwandiko wake mzuri. Kazi yenyewe haikuwa na kuandika hata herufi moja. Ilikuwa kazi ya kumhudumia Mtambo wa Kutambua Raia, ambaye kwa waraka wa Tume ya Kura alitakiwa kuitwa Mheshimiwa Mtambo, na asipigwe picha kutoka nyuma.

Mheshimiwa Mtambo alifika Nambunga kwa gari, kiti cha mbele, amefungwa mkanda. Gari la pili lilibeba mafuta ya gari la kwanza. Mwalimu Ausi alikuja kwa miguu. Mtambo akafungiwa hema lenye kiyoyozi, maana joto lingemwathiri kiakili, na wananchi wakapangwa juani, maana wao walikuwa wamezoea.

Wa kwanza kwenye foleni alikuwa Bi Somoe. Alitaja jina, akapigwa picha, akaweka kidole kwenye kioo. Mtambo ukafikiri. Kisha ukasema, kwa sauti ya msichana wa mji mkuu aliyelala vizuri na kunywa chai ya maziwa:

"Hakuna mtu. Tafadhali mlete mtu."

Mwalimu akamwambia ajaribu kidole cha pili. Hakuna mtu. Cha tatu. Hakuna mtu. Alijaribu vidole vyote kumi, na kumi vyote havikuwa na mtu. Mwalimu akaushika mkono wake akautazama kwa karibu. Ncha za vidole zilikuwa laini kama kijiko cha zamani. Miaka ishirini na sita ya kubangua ilikuwa imelamba kila mstari.

Akapiga simu makao makuu ya Tume, mjini Makofini.

"Mkubwa, Mtambo hauvisomi vidole vya watu wa huku."

"Umesema Mtambo 'hauvisomi'? Sema Mheshimiwa hajavisoma."

"Mheshimiwa hajavisoma, mkubwa. Vimeliwa na korosho."

"Waambie wanawe."

Wakanawa. Walinawa kwa sabuni, wakanawa kwa ndimu, mwisho wakasugua kwa mchanga mpaka wengine wakatoka damu. Mtambo ulipoonyeshwa damu uliomba ufutwe kioo. Mwalimu akapiga tena.

"Wamenawa, mkubwa. Bado."

"Basi waje na vidole walivyozaliwa navyo."

"Ndivyo hivyo hivyo, mkubwa."

"Mwalimu, unabishana na mimi au na Mheshimiwa Mtambo? Mimi nina mke na watoto, naweza kukuelewa. Mheshimiwa amekuja nchini kwa ndege."

Simu ikakatwa. Bi Somoe alikuwa bado amesimama, kidole kimebaki juu ya kioo. Asiyeandikishwa hakuruhusiwa kupiga kura wala kupigiwa, na uandikishaji ulikuwa wa siku saba.

"Mwalimu," alisema, "niambie ukweli. Mimi sipo?"

Hapo Mwalimu Ausi akafanya kosa ambalo mtu wa Tume asingelifanya hata kwa bahati mbaya. Darasa la tatu, mtoto akishindwa kuumba herufi, mwalimu humshika mkono wakaiumba pamoja, na herufi inahesabiwa kuwa ya mtoto. Kwa mazoea hayo, bila kuwaza, akaweka mkono wake juu ya mkono wa Bi Somoe, na kidole chake cha shahada kikatangulia kugusa kioo.

"Hongera!" Mtambo ukasema. "Umetambuliwa. Shangilia!"

Kadi ikatoka. Ilikuwa na jina la Bi Somoe na sura ya Bi Somoe. Kidole tu ndicho kilichokuwa cha mwalimu, na mwalimu aliamini kwamba amemsaidia mtu kuandika. Aliyefuata naye akashikwa mkono. Na aliyefuata. Siku ya saba jioni kata ya Nambunga ilikuwa na wapiga kura elfu moja mia nne na kumi na wawili, na mwalimu alikuwa na kidole kilichokufa ganzi. Tume ikatangaza redioni kwamba Nambunga ni kata ya mfano.

*

Huko Makofini ulikuwapo Mtambo mkubwa zaidi, uliochekecha majina ya nchi nzima. Ulipofika Nambunga ukasimama. Watu elfu moja mia nne na kumi na wawili, kidole kimoja.

Tume ilikaa siku tatu chini ya Mwenyekiti wake, Profesa Mtukuzi. Kuna mjumbe mmoja mgeni aliyedhani kwamba pengine Mtambo umekosea. Akakumbushwa kwamba utepe wa Mtambo ulikatwa na Rais mwenyewe, akaomba radhi kwa maandishi. Mwingine akauliza kama watu hao wafutwe. Akakumbushwa kwamba idadi yao imekwisha kutangazwa, na wafadhili wamekwisha kupiga makofi. Ndipo Profesa Mtukuzi akatoa hukumu ambayo hadi leo inafundishwa vyuoni:

"Watu wafutwe, idadi ibaki."

Ukiyasikia haya ukahisi kichefuchefu, basi tumbo lako ni zima. Wajumbe wao walisikia njaa, wakaenda kula.

Wiki iliyofuata barua zikafika Nambunga. Zilianza "Ndugu Nakala", na zikaeleza kwa upole kwamba mwenye barua amegundulika kuwa nakala ya mtu mwingine, kwamba nakala hazipigi kura, na kwamba kadi irudishwe ikiwa safi. Bi Somoe aliongezewa aya moja: kwa kuwa sheria haikukataza nakala kugombea, na kwa kuwa waangalizi kutoka nje hupenda kuona wagombea wawili, jina lake litabaki.

Mwalimu Ausi yeye alipata barua yenye muhuri wa dhahabu, iliyoanza "Mpendwa Mpiga Kura Halisi". Kura zote za kata zilikuwa zake.

Alidhani watu watakuja kumpiga mawe. Walikuja kweli, uwanja ukajaa, na mzee mmoja alikuwa ameokota jiwe. Mwalimu akatoka akiwa amekishika kidole chake kwa mkono mwingine kama mtu aliyejikata.

"Nisameheni," alisema. "Nilidhani nawasaidia."

Bi Somoe akamnyang'anya yule mzee jiwe, akalikalia.

"Umetusaidia, mwanangu, tumefutika wote," alisema. "Lakini hebu tufikiri. Kama kura zetu zote ziko kwenye hicho kidole, si ukazipige? Sisi tuko hapa, tumekwambia tunamtaka nani. Nenda ukatuzibie bomba."

Kwa mara ya kwanza tangu siku ya saba ya uandikishaji, mwalimu akapata usingizi.

*

Hakuupata tena. Kesho yake alfajiri alikuja Diwani Kazumari, aliyekuwa hajafika kwa mwalimu tangu azaliwe, akakisalimia kidole kabla ya kumsalimia mwenyewe. Baada yake akaja Mkuu wa Wilaya, kisha Mkuu wa Mkoa. Kidole kikapewa askari wa kukilinda na soksi ya hariri ya kuvaa mchana. Kikapimwa afya. Mwalimu aliyekuwa akiumwa jino hakupimwa, kwa kuwa jino halikuwa kwenye bajeti.

Mwisho akaja Profesa Mtukuzi, na sherehe ikaandaliwa uwanja wa shule. Wanafunzi walifukuzwa ili viti vipate nafasi. Profesa alipanda jukwaani, akanywa maji ya chupa yaliyotoka naye Makofini, akafungua mdomo.

"Ndugu Mpiga Kura," alisema, "na nakala zako zote mliohudhuria! Mababu zetu walipiga kura kwa kunyoosha mikono. Baba zetu walipiga kwa karatasi, wakachafuka wino. Sisi, kizazi cha dijitali, tumeondoa mkono, tumeondoa karatasi, na sasa, kwa uongozi mahiri wa Rais wetu, tumekaribia kabisa kumwondoa mpiga kura! Je, hayo si maendeleo?"

Ratiba ikasema makofi. Mwalimu akakabidhiwa zawadi mbili, picha ya Mtambo na kitabu kikubwa cha Sheria ya Kura, ambacho hutolewa kama zawadi kwa sababu hakuna anayekisoma. Kisha akaombwa akibonyeze kidole chake kwenye bonge la nta, kwa ajili ya kumbukumbu katika Jumba la Makumbusho ya Taifa. Akabonyeza. Nta ikafungwa kwenye kitambaa cheupe ikaondoka na gari lenye king'ora.

Baada ya sherehe, Profesa alimvuta pembeni.

"Mwalimu, siku ya kura utamchagua nani?"

"Si ni siri, mheshimiwa?"

"Ni siri, ndiyo maana nakuuliza hapa pembeni." Profesa akatabasamu, akakipapasa kidole ndani ya soksi yake. "Kumbuka jambo moja. Hiki sasa ni mali ya umma. Mali ya umma hutunzwa. Inaweza kutunzwa ikiwa imeungana na wewe, na inaweza kutunzwa peke yake."

Mwalimu Ausi alirudi nyumbani. Hakuwa mtu jasiri, na simulizi hii haitamsingizia ujasiri. Alikaa siku mbili akiogopa. Siku ya tatu, kwa kukosa la kufanya, akafungua kile kitabu, na kwa kuwa alikuwa mwalimu wa darasa la tatu alikisoma chote, ukurasa kwa ukurasa, akifuatisha kwa kidole. Karibu na mwisho akakuta kifungu cha zamani ambacho hakuna aliyekumbuka kukifuta. Kilisema kwamba mtambo wowote ukishindwa siku ya kura kumtambua mpiga kura halali wa kata, hata akiwa mmoja tu, wananchi wote watapiga kura kwa karatasi na sanduku, kwa kujuana sura.

Akafunga kitabu akaenda kwa Bi Somoe.

"Mama," alisema, "nifundishe kubangua."

*

Kidole kilikuwa na askari, lakini askari alikuwa na fomu, na fomu iliuliza jambo moja tu kila jioni: kidole kipo au hakipo. Kila jioni kilikuwapo. Mwalimu akavua soksi ya hariri, akaketi kiwandani kati ya wanawake, akaanza.

"Sisi hupaka majivu mikononi mafuta yasitule," Bi Somoe alimwambia. "Wewe usipake. Shika ganda hivi. Libonyeze. Acha yatiririke."

Siku ya kwanza kidole kiliwasha. Siku ya pili kikawa cheusi, ya nne ngozi ikatoka nzima, na mwalimu akalia mbele ya watu. Wanawake hawakumcheka. Mmoja alimwambia kwamba yeye alilia akiwa na miaka tisa, na baada ya hapo mtu huzoea. Mwalimu alikuwa amewafundisha watoto wa wanawake hao miaka kumi na moja, akiwachapa kwa sababu daftari zao zilikuwa na madoa ya mafuta. Aliikumbuka kila fimbo. Akaendelea kubangua, na ngozi mpya ilipoota akabangua nayo, mpaka asubuhi ya siku ya kura alipokitazama kidole juani akaona hakina kitu, kitupu kabisa kama vya wenzake.

Kata nzima ilikuwa uwanjani. Kwa kuwa ni kata ya mfano, Profesa Mtukuzi alikuja mwenyewe, pamoja na waangalizi kutoka nje waliokuwa wakiangalia kwa makini sana meza ya chakula. Mwalimu akaingia kwenye hema. Akaweka kidole.

"Hakuna mtu," ukasema Mtambo. "Tafadhali mlete mtu."

Vigelegele vililipuka nje. Wanawake wanne walikwisha kuandaa sanduku la zamani kutoka stoo ya shule, wamelifuta vumbi, wamelifunga kanga. Mwalimu akakisoma kile kifungu kwa sauti, kwa ile sauti ya kusomea imla, kila neno mara mbili. Bi Somoe alilia, akasema hajali nani anamwona.

Profesa Mtukuzi alisikiliza mpaka mwisho, akasifu matamshi. Kisha akampa ishara msaidizi wake, ambaye alifungua kijisanduku cha barafu akatoa kidole.

Kilikuwa cha mpira, kimefinyangwa kwa kufuata ile nta, na kilikuwa na kila mstari ambao mwalimu alikuwa ameuunguza.

"Kidole cha Taifa," alisema Profesa, akavua kofia.

"Hongera!" ukasema Mtambo. "Umetambuliwa. Shangilia!"

Polisi mmoja akaenda akalikalia sanduku la karatasi. Na hapo, mbele ya watu elfu moja mia nne na kumi na wawili wasiokuwapo, kidole cha mpira kikaanza kumchagua Kazumari. Msaidizi alikibonyeza, akachoka, akaja mwingine. Hongera, umetambuliwa. Hongera, umetambuliwa. Waangalizi waliandika kwamba foleni ilikwenda kwa utulivu. Mwalimu Ausi alitamani kidole chake kingekuwa kimekatwa kweli, angalau kingeoza.

Kura ya mia sita na tatu, Mtambo ukalalamika kwamba kidole ni kichafu. Kilikuwa kinanata kwa jasho la wasaidizi. Maji ya chupa yalikwisha kunywewa na waangalizi, basi msaidizi akachota kijitoni kwa bakuli, akakitumbukiza, akakisugua vizuri, akakiacha kidogo kiloweke. Alipokitoa kilikuwa kimevimba na kulainika kama andazi lililoanguka kwenye chai. Akakiweka kwenye kioo.

"Hakuna mtu."

Profesa Mtukuzi akakichukua, na ngozi ya kidole ikabaki mkononi mwake. Kwa muda mfupi sana watu wa Nambunga walimwona mtu mkubwa akiyaogopa maji yao. Akajifuta kwa haraka, mara tatu, kisha akatoa mfukoni karatasi iliyopigwa chapa Makofini wiki iliyotangulia, akasoma matokeo. Kazumari, kura elfu moja mia nne na kumi na mbili. Bi Somoe Nangoma, sifuri. Waliojitokeza, asilimia mia. Kata ya mfano.

*

Mwalimu Ausi alirudi shuleni Jumatatu. Lakini huko nako maendeleo yalikuwa yamefika: walimu walisaini kuingia kazini kwa kidole, na Mtambo mdogo wa mlangoni ulimwambia lile lile aliloambiwa hemani: hakuna mtu. Siku hizi anabangua. Wenzake wanamsifu kwa wepesi, ingawa bado wanamwita mwalimu.

Mwezi mmoja baada ya kura, gari la Tume lilikuja na mafundi. Watu walidhani wamekuja kuziba bomba, wakatoka kuwalaki. Mafundi walijenga kibanda chenye tangi la maji safi kutoka Makofini, wakakifunga kwa kufuli, kwa ajili ya kuoshea kidole kipya uchaguzi ujao. Kisha wakasimika bango kando ya kijito, wakaliwekea askari.

Jioni hiyo Bi Somoe na Mwalimu Ausi walikwenda kuchota, kila mmoja na ndoo yake. Bango lilikuwa jekundu, lenye herufi kubwa. TAHADHARI. MAJI HAYA NI SUMU KWA KIDOLE CHA TAIFA. NI MARUFUKU KUKIOSHA HAPA.

Bi Somoe alilisoma, akalisoma tena. Nyuma ya mgongo wake bomba lilikuwa likiendelea kumwaga.

"Kumbe wanajua," alisema.

"Wanajua," alisema mwalimu.

Askari akanyanyuka kwenye kiti chake, akazikagua ndoo zote mbili, akaingiza mkono ndani kuhakikisha hakuna kidole.

"Maji ya kuoshea au ya kunywa?" aliuliza.

"Ya kunywa."

"Aa, ya kunywa hayana shida," alisema, akawapisha njia.